Ngwe Iliyokatwa Kabla Sijafika

Wewe uliyepewa kisu juzi, na wewe uliyehamishiwa uwanja wa kuanika wiki hii, hebu nisikilizeni kidogo. Nimestaafu mwezi uliopita. Nataka kuwaeleza mambo ya kazi hii ya mkonge ambayo mnyapara hatawaeleza, si kwa ubaya, ila kwa sababu ana watu wengi wa kuwapigia kelele na asubuhi ni fupi. Habari za vyeo nitaziruka. Habari za mshahara pia nitaziruka. Hata siku zile haikuwa habari ndefu.

Niliteremka kutoka Mbololo mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Shamba la baba lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena, hata jogoo wetu akiwika alikuwa amesimama kwa jirani. Nilikuwa nimeoa karibuni. Nikaja huku uwandani, chini ya mlima wa Sagalla, nikasimama kwenye foleni ya vibarua, nikapewa kisu.

Siku ya kwanza mkonge hukufundisha wenyewe. Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mwiba huo unalenga jicho. Aliyenifunza kuukwepa alikuwa Kioko, Mkamba wa Maungu, mtu aliyenizidi miaka michache na maneno mengi. Alinitazama nikiinamia mche wa kwanza, akaniita, "Wewe Mtaita! Unausujudia? Huo si msalaba. Zunguka, uingie kwa ubavu." Akanionyesha. Unakata jani la chini kwanza, unakwenda ukipanda, unaacha yale ya katikati yaliyosimama wima, maana ukiyakata hayo umeua mche. Ncha unaikata kabla ya kuliweka jani chini. Majani yanapangwa vichwa upande mmoja, yanafungwa tita, na matita yanabebwa hadi kwenye njia ya kiberenge, kile kigari cha relini kinachoyapeleka kiwandani.

Jambo jingine alilonifunza Kioko ni fundo. Kila mkataji alikuwa na namna yake ya kufunga tita. Mmoja alipitisha mkia wa kamba mara mbili, mwingine aliuacha mrefu, mwingine aliusokota na kuuficha. Hilo halikuwa pambo. Matita yalirundikwa pamoja kando ya reli, na mnyapara aliyajua ya nani kwa kutazama fundo tu. Kioko alinichagulia langu: kuzungusha, kurudi nyuma, kisha kuchomeka mkia chini. "Fundo la kushoto," alisema, "kwa sababu wewe ni mtu wa mashoto na hakuna mwingine hapa." Nikalifanya mpaka vidole vikalijua bila mimi.

Kazi yetu ilikuwa ya ngwe. Ngwe ni mistari ya mkonge anayopimiwa mkataji mmoja kwa siku. Ukiimaliza, siku yako imeandikwa, unakwenda zako. Usipoimaliza, siku hiyo haiandikwi hata kama umebakiza mche mmoja. Kwa hiyo tuliingia shambani alfajiri, ukungu wa Sagalla bado umelala juu ya mistari, ili jua kali litukute tumekaribia kumaliza. Asubuhi nyingine ndovu walikuwa wamepita kabla yetu na kung'oa miche. Hao walikuwa wakataji wasiopimiwa ngwe na mnyapara.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa mkataji mzuri. Nasema hivyo bila aibu, maana ndiyo miaka pekee niliyokuwa hivyo.

Ugonjwa ulinijia katika majira ya baridi, Juni au Julai. Niliamka nikakuta vidole havifungi. Nilidhani nimevilalia. Mke wangu, Mkawasi, alinipa kikombe cha chai nikakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Magoti nayo yalikuwa magumu, kama milango iliyovimba kwa mvua. Nikajikokota hadi shambani. Jua lilipopanda, mambo yakaanza kulegea, kidogo kidogo. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Nilikata, nilifunga, nilibeba. Nikasema nimepona. Kesho yake alfajiri, hali ikawa ile ile.

Dresa wa zahanati ya shamba alinibonyeza vidole saa saba mchana, akasema, "Hii ingekuwa baridi yabisi kama ungekuwa mzee. Lakini wewe kijana, na vidole vinakunjika." Akanipa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Simlaumu. Alitazama alichoonyeshwa, na ugonjwa wangu haukuwa na desturi ya kuamka saa hiyo.

Kwa yeyote kati yenu mwenye maradhi ya namna hii, nitasema niliyojifunza kwa mwili wangu. Loweka mikono katika maji ya moto kabla ya kutoka nyumbani, na uifunge kitambaa cha sufu njiani. Mpini wa kisu uviringishe mpira wa ndani wa baiskeli, uwe mnene. Kitu chembamba ndicho kigumu kukishika. Usikae chini kungoja maumivu yaishe, maana kiungo kikipoa kinajifunga zaidi. Na usikubali kuambiwa ni uvivu. Uvivu haumpigi mtu alfajiri tu ukamwachia jioni.

Mimi niliambiwa. Si na wenzangu wa genge, hapana. Genge letu lilikuwa la watu sita, Wataita na Wakamba, na utani haukukauka, lakini mtu alipokwama hakuachwa. Kioko aliligundua jambo langu siku ya tatu. Akaja kwenye ngwe yangu bila kusema, akakata mistari miwili ya mwanzo, akafunga matita kwa fundo langu, akarudi kwake. Siku iliyofuata alikuja mwingine. Ikawa zamu. Ilikuwa marufuku kukata ngwe ya mtu. Aliyekamatwa alifutiwa siku, pamoja na yule aliyekatiwa. Kwa hiyo walifanya upesi, gizagiza, kabla mnyapara hajaamka vizuri. Jua likishapanda, nami nikishafunguka, niliyamaliza yaliyobaki mwenyewe. Jioni niliwapelekea ugali na mboga ya kunde ya Mkawasi, na Kioko alisema, "Mtaita, ugonjwa wako una chakula kizuri, usipone."

Hivyo ngwe yangu ilikuwa ikimalizika kila siku. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Kwa macho ya shamba, sikuwa na kasoro yoyote.

Lakini mwili wangu ulikuwa unajua. Kukata baada ya saa nne kwa viungo vilivyokuwa vimevimba alfajiri kulikuwa kunaviharibu, na kila majira ya baridi nilifunguka nikiwa nimechelewa zaidi. Niliona mbele yangu siku ambayo sitafunguka. Na hapo ndipo nilipokumbuka uwanja wa kuanika.

Ninyi wa uwanjani mnajua, ila niwaeleze wa visu. Majani yakishakamuliwa kiwandani, nyuzi nyeupe, zile singa, hutandazwa juu ya nyaya ili zikauke. Kazi hiyo haiwezi kuanza alfajiri, maana umande ungezichafua. Huanza jua likiwa limeshika. Nayo haihitaji ngumi, inahitaji mikono iliyonyooka ya kutandaza na kugeuza. Nikajiambia, kama Mungu aliiumba kazi kwa ajili ya ugonjwa wangu, ni hii. Kasoro yake ilikuwa moja: uwanja ule siku zile ulikuwa wa wanawake. Mkawasi alicheka nilipomwambia, kisha akaniona sicheki. Akasema, "Baba nanihii, watakucheka mwaka mmoja. Mikono utakuwa nayo miaka mingapi?"

Nikaenda ofisini mchana, kwani ofisi haikufunguliwa kwa vibarua asubuhi. Meneja wa shamba alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha amri. Mnyapara wetu, Mghanga, mtu wa Sagalla, alisimama kando. Nikaeleza. Meneja akasema, "Leta mkono." Nikaupeleka. Akaukunja, akaukunjua. "Mkono mzuri hii. Wewe namaliza kazi yote, kila siku, mwaka mzima. Sasa nasema gonjwa? Nataka kukaa na bibi huko?"

"Ni asubuhi, bwana," nikasema. "Mchana unatulia. Njoo unione alfajiri."

Akacheka, akamwambia Mghanga, "Wewe kwenda. Angalia yeye siku moja. Kama kweli, peleka huko kwa bibi. Kama uongo, mimi napata kazi ingine kwa yeye."

Nje ya ofisi Mghanga alinishika bega. Alikuwa mtu wa haki, na mkavu. "Mwakio," akasema, "nitakuja alfajiri moja wiki hii, sitakwambia ipi. Nitasema nitakachokiona. Sitaongeza, sitapunguza."

"Sitaki uongeze, mzee," nikasema. Nilikuwa na furaha hata nikasahau magoti.

Jioni nilimwambia Kioko. Nilidhani atafurahi nami. Alikuwa akinoa kisu, akaacha.

"Umemwita chui aje akuhesabie mbuzi," akasema.

"Chui gani? Mghanga ni mtu wetu."

"Mghanga ana macho ya mwenye shamba. Umemsahau Mwamburi?"

Sikuwa nimemsahau. Mwamburi alikuwa mwenzetu aliyesema wazi kuwa kifua kinambana usiku. Walimpima, wakakubali kuwa ni mgonjwa kweli, na Ijumaa ile ile wakampa tiketi ya kurudi kwao. Na hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu asiye na kazi akionekana karibu na stesheni ya Voi aliulizwa karatasi na askari, na asiye na jibu zuri alilala ndani.

"Mimi wamenipa neno," nikasema. "Nikionekana mgonjwa, nakwenda uwanjani."

"Neno lilitoka kinywani, si mfukoni. Wakiona huwezi kukata, watasema huwezi kazi. Huko uwanjani utatandaza upepo."

"Kioko, nakuomba, kaka. Wiki hii msiguse ngwe yangu. Hata mche mmoja. Niacheni nishindwe."

Alipima makali ya kisu kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Haya," akaendelea kunoa.

Siku ya kwanza hawakugusa. Nilikata nikilia, sina la kuficha, na siku ile haikuandikwa. Mghanga hakuja. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu baridi ilikuwa kali kuliko zote. Nilichelewa kwa sababu ya magoti. Nilipofika kwenye ngwe yangu nilisimama.

Nusu ya mistari ilikuwa imekwisha kukatwa. Matita yalikuwa yamepangwa vizuri, vichwa upande mmoja, na kila tita lilikuwa na fundo langu la kushoto.

Nilimtafuta Kioko kwa macho. Alikuwa katika ngwe yake, mgongo kwangu, anakata kama aliyekuwa pale tangu juzi. Baadaye nilijua kuwa Mkamba mmoja anayelala karibu na nyumba ya mnyapara alimwona Mghanga akivaa viatu mapema, akakimbia kuwaambia. Wao wakafanya walichojua kufanya mwenzao anapoendewa na mkubwa. Waliingia shambani gizani, wote watano.

Mghanga akatokea kwenye ukungu. Akanisalimu. Akatazama ngwe, akatazama matita. Akainama, akashika fundo moja, akaligeuza.

"Funga ngumi," akaniambia.

Nikajaribu. Vidole vilisimama kama meno ya reki. Hata nusu havikufika.

Akaniangalia usoni kwa namna ambayo bado naiona. "Mwakio. Mtu asiyeweza kufunga ngumi amefungaje haya mafundo?"

Akaliachia fundo, akanyoosha mgongo.

"Ni yako haya?"

Sasa niwaombe mnisikilize hapa kwa makini. Nilikuwa na majibu mawili tu. Nikisema si yangu, nimeokoa mikono yangu, na watu watano wamefutiwa siku zao, labda na kazi, kwa kosa la kunihurumia. Nikisema ni yangu, mimi ni mwongo. Kioko alikuwa ameacha kukata. Wote walikuwa wameacha. Niliusikia umande ukidondoka kwenye majani.

"Ni yangu," nikasema.

Mghanga alitikisa kichwa taratibu. Nadhani alisikitika, lakini alikuwa ameahidi kutoongeza na kutopunguza. Alikwenda akasema alichokiona: ngwe imekatwa nusu kabla ya mapambazuko, mafundo ni ya Mwakio, na Mwakio anajifanya hawezi kufunga ngumi.

Meneja hakunifukuza. Mkataji anayemaliza ngwe kila siku hafukuzwi. Alinihamishia upande wa mbali wa shamba, kwa wageni waliotoka kila mahali, ambako kila mtu alikata peke yake na hakuna aliyejua jina la jirani. "Huko hakuna rafiki ya kucheza naye," alisema. Nikakata huko majira mawili ya baridi. Nilikuwa naondoka nyumbani usiku ili nianze kwa kutumia kiganja na kigasha, kisu nimekifunga mkononi kwa ukanda wa kitambaa. Siku nyingi hazikuandikwa. Mkawasi alilima kwa watu ili tule.

Kioko alikuja kuniona Jumapili moja. Alileta ndizi. Alikaa kwenye kigoda, akavitazama vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimeanza kuelekea upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Nilidhani wanakuja kukufukuza," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Mimi nilimwona Mwamburi akipanda treni. Wewe ulikuwa Mbololo kwa matanga siku ile, hukumwona uso." Akamenya ndizi. "Wakija tena, nitafanya tena."

"Ndiyo maana tangu siku ile sikukuita," nikasema.

Tulikula ndizi. Mwaka uliofuata alikwenda Taveta, kwenye mashamba ya kumwagiliwa maji ya Mboghoni, na sikumwona tena. Watu huniuliza kama nilimsamehe. Nilimpenda, na msamaha ulikuja vipande vipande, na kipande cha mwisho sijakiona hata leo. Kuna ubaya ambao unaweza kumchukia aliyekutendea, moyo wako ukapumzika. Huu wangu ulifanywa na watu waliokuwa wakinitakia mema, kwa hiyo sikupewa hata mapumziko hayo.

Mwishowe vidole vilipinda vikakaa vivyo hivyo asubuhi, mchana na usiku. Siku moja meneja alipita akiwa kwenye kiberenge saa sita, jua la utosi, akaniona nikijaribu kufunga tita kwa meno. Akasimamisha. Akashuka. Akashika mkono wangu, akajaribu kuukunja kama alivyofanya siku ile, ukakataa.

"Sasa naona," akasema. "Kwa nini wewe hapana sema zamani?"

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi kuliko nilivyoishi na baba yangu. Mghanga alikuwa nyuma yake. Alitazama chini.

Jumatatu nikaingia uwanja wa kuanika. Wanawake walicheka, kama Mkawasi alivyosema, ingawa hawakufikisha mwaka. Mkubwa wao, Mama Wakesho, alinipokea kwa kusema, "Karibu, shemeji. Umekuja kama daktari anayefika matangani." Kisha akaona sipati kushika singa, akanionyesha kuzibeba juu ya mikono, kati ya kiwiko na kiganja, na kuzimwaga kwenye waya kwa kuzungusha bega. Kwa namna hiyo nilitandaza singa hadi nilipostaafu. Ni kazi nzuri. Inataka subira, na jicho la kuona wingu linapotoka upande wa Kasigau. Kila siku nilipoitenda, nilijua ningeweza kuitenda kwa vidole vilivyonyooka.

Basi ninyi vijana, mkiwa na mwenzenu anayeumwa ugonjwa usioonekana, msaidieni, maana asiye na wa kumsaidia nimemwona, nimekuwa yeye. Lakini msimfiche. Muulizeni ugonjwa wake unakuja saa ngapi. Mkishajua, nendeni kwa mnyapara wote pamoja, genge zima, msimtume peke yake, mkamlete mnyapara shambani saa hiyo hiyo. Na ngwe ya mgonjwa, mpaka mnyapara awe amefika na kuona, iacheni imesimama.